Mhusika wangu amegoma sura ya 12

Swali la msomaji: "Naandika riwaya yangu ya kwanza, nimefika kurasa 140. Mhusika mkuu ni Subira, anakaanga samaki na kuuza pale Tanga. Nilipanga kwamba katika sura ya 12 mumewe, Hamisi, auze friza yake, Subira amfukuze, kisha ahamie Mwanza kuanza upya. Sura hiyo nimeiandika mara nne na kila mara inatoka kama igizo la shule. Ni kama Subira hataki. Waandishi wenzangu wananiambia mhusika akishakuwa hai unamfuata anakokwenda. Mwalimu wangu alinifundisha kwamba mhusika ni chombo cha mwandishi. Nishike lipi? Nakiri pia kwamba nimempenda, nikimpa mabaya naumia mimi. Na dada yangu kasoma sura tatu za mwanzo, kanuna, anasema nimemwandika yeye. Nimeambatanisha aya yenyewe na muhtasari wa sura 11 za nyuma."

Jibu:

Nianze na ubishi wa mwalimu na wenzako, maana ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Wenzako wanaeleza wanavyojisikia wakati wa kuandika. Mwalimu anaeleza kilichopo mezani: karatasi, wino na wewe. Wote wako sawa. Na hiyo hali ya mhusika kuonekana ana hiari yake si majigambo ya wasanii. Marjorie Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, waliwahoji waandishi 50 wa hadithi, asilimia 92 wakasema wamewahi kumwona mhusika akisema au kutenda kama mtu mwenye uamuzi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, nao waliwauliza waandishi 181 wa tamasha la vitabu la Edinburgh, na asilimia 63 wakajibu kwamba huwasikia wahusika wao wakizungumza. Upande wa mwalimu wako yuko Vladimir Nabokov, mwandishi wa riwaya ya Lolita, aliyesema wahusika wake ni watumwa wa kupiga makasia, basi.

La kukufaa wewe limo katika ule utafiti wa Oregon. Waliokwisha kuchapisha kazi zao waliieleza hali hiyo mara nyingi zaidi, na kwa undani zaidi, kuliko ambao hawajachapisha. Watafiti wakaona huenda inatokana na uzoefu. Mfikirie mpishi wa pilau za shughuli. Hapimi bizari kwa kijiko, lakini akitaka kuzidisha mkono unasita juu ya sufuria kabla hajajua kwa nini. Mkono wako ndio uliosita. Umeandika kurasa 140, mengi umeyasahau kichwani, lakini yamo humo na yanakubana. Anayegoma ni hizo kurasa, zimevaa kanga ya Subira. Kumtii hakuna maana, kwa kuwa hana analolijua ambalo hukuliandika wewe. Kumlazimisha nako ni kubishana na maandishi yako mwenyewe, na msomaji atayaamini yale ya kwanza. Kazi yako ni kuutafuta ukurasa unaobishana nao.

Tuisome aya uliyoleta:

"Ghafla Subira alisimama. Hakujua nguvu zile zimetoka wapi. 'Nimechoka na mateso yako! Toka nyumbani kwangu sasa hivi! Nakupa talaka yako!' alifoka huku akitetemeka kwa hasira. Hamisi alishangaa, akainamisha kichwa, akachukua begi lake na kuondoka bila kusema neno."

"Ghafla" ni neno la mwandishi anayesukuma gari lililozimika. Halina kosa lenyewe. Treni huweza kupiga honi ghafla. Ila likitangulia uamuzi mkubwa wa mhusika, mara nyingi linaziba pengo la sababu. Ndugu zake ni "bila kutarajia", "kitu fulani kilimwambia" na hilo lako la "hakujua nguvu zile zimetoka wapi". Yeye hakujua, na wewe hukujua, atajua nani? Tafuta maneno haya katika mswada mzima. Kila yanapotokea mbele ya tendo zito, weka alama. Hapo ndipo ulipomburuta.

Twende kwa Hamisi, maana umekazana kumtazama Subira hata hukuona kwamba aliyekufa katika aya hii ni mumewe. Kwa muhtasari wako, katika sura ya 7 Hamisi aliteremka kwenye daladala akamfuata konda hadi kituo cha pili kwa ajili ya chenji ya shilingi 200. Mtu huyo leo anafukuzwa mbele ya mama yake anainamisha kichwa na kubeba begi? Tukio likikataa kukaa, mkague kwanza mhusika wa pili. Mara nyingi mhusika mkuu ni mzima, ila amewekewa mbele yake kinyago cha kufokea, na hakuna mtu anayeweza kufokea kinyago kwa ukweli.

"Nyumbani kwangu." Sura ya 3 inasema nyumba ni ya mama mkwe. Subira anamfukuza mwana katika nyumba ya mama yake! Huu ndio ukurasa wa kwanza unaobishana nao, na hapo hakuna suala la saikolojia hata kidogo, ni suala la nani mwenye nyumba.

La tatu ni "nakupa talaka yako". Umewaandika hawa kuwa Waislamu waliooana kwa ndoa ya Kiislamu. Basi neno la talaka liko kinywani mwa mume. Mke anayetaka kutoka hudai talaka, au hujivua kwa khului, ambapo kwa kawaida hurejesha mahari au fidia wanayokubaliana, au hupeleka shauri kwa wenye mamlaka ya kuliamua. Na kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kwa kawaida mgogoro hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla mahakama haijavunja ndoa. Subira wako, aliyekulia Tanga na kusoma chuo cha Kurani, anayajua haya. Wewe ndiye uliyeyasahau kwa kutaka kelele. Hili hutokea sana: mwandishi hudhani mhusika ana siri moyoni, kumbe mwandishi hajauliza jinsi jambo linavyokwenda.

Ukiuliza unapata mali. Mahari ni haki ya mke. Je, friza ile ingekuwa imenunuliwa kwa mahari yake? Hapo Hamisi hakuuza chombo cha biashara tu, ameuza kitu ambacho hakuwa na ruhusa ya kukigusa. Na Subira akitaka khului, huenda akatakiwa kurejesha mahari ambayo aliyeiuza ni yule yule anayemdai. Hiyo ni sura nzima, na wazee wa baraza wameketi wanamsikiliza, na yeye anaona haya kutaja friza mbele yao. Huhitaji tena kumfokesha.

Sasa namna ya kuutafuta ukurasa kwa utaratibu. Chapisha sura ya 7 hadi ya 11; kama wino si tatizo, chapisha zote. Anzia mwisho kurudi nyuma hadi utakapokuta tukio la mwisho ambalo Subira alilitenda bila wewe kuhangaika. Utalijua kwa kuwa halina maelezo mengi. Kuanzia hapo kuja mbele, andika pembeni mwa kila tukio mambo manne: saa hii anataka nini, anamwogopa nani, ana shilingi ngapi, anamwitaje aliye mbele yake. Ukipiga matukio 15 kwa siku umejitahidi, kwa hiyo tenga siku mbili au tatu.

Fedha waandishi huziruka kana kwamba ni uchafu. Muhtasari wako unasema Subira ana akiba ya 86,000 kwenye kopo la maziwa. Toa nauli yake na ya watoto wawili hadi Mwanza, toa kodi ya chumba, ambayo wenye nyumba wengi huitaka ya miezi kadhaa kwa mkupuo, toa karai, mafuta na mkaa wa kuanzia. Haendi. Hata akitaka, haendi. Basi ama umtafutie fedha (kijumbe wa mchezo amkabidhi zamu yake mapema, na deni hilo limfuate), ama safari isogee mbele sura tatu. Vyovyote utakavyochagua, msomaji atahesabu pamoja naye.

La nne, la kuitana, ndilo nalipenda kuliko yote, na kwa Kiswahili ni hazina. Mwanamke kama Subira hamwiti mumewe jina mbele za watu. Ni "baba Salma", na akiwa na wenzake sokoni ni "baba watoto" au "bwana yule". Hamisi naye humwita "mama Salma" siku za kawaida, "Subira" akiwa amekasirika, na "bibi wewe" akiwa amelewa au amekosa. Orodhesha kila mtu anamwitaje nani, kisha hakikisha halibadiliki hata mara moja bila sababu. Ukishalilinda hivyo kwa sura 11, kubadili jina moja kunapiga kuliko mistari kumi ya matusi. Tazama:

"Aliporudi magharibi friza haikuwepo. Mahali pake pamebaki mraba wa sakafu, safi kuliko sakafu nyingine yote. Subira akaufagia ingawa haukuwa na taka. Akapakua wali: sahani ya Salma, ya Idi, ya mama mkwe. Akafunika sufuria.

'Na mimi?'

'Samaki wa kesho nitawalaza wapi, Hamisi?'

Mama mkwe akaacha kutafuna."

Hakuna aliyefukuzwa. Lakini ndoa hiyo msomaji ameiona ikipasuka, na ameiona kupitia kwa bibi kizee aliyeacha kutafuna. Angalia pia kwamba Hamisi amebaki Hamisi: ameuza mali ya mtu, halafu anauliza wali. Ukiandika hivi, usiongeze sentensi ya kueleza kwamba hakuwahi kumwita jina lake kwa miaka 13. Kama sura 11 zimefanya kazi yao, hiyo sentensi ni kumtafunia msomaji.

Kuna jambo jingine hujaliuliza, nalo pengine ndilo mzizi. Jina lake. Umemwita Subira, na tangu ukurasa wa kwanza jina limekuwa likimwamuru avumilie. Majina ya kimajazi, yanayotaja tabia ya mhusika, yana heshima yake. Shaaban Robert katika Kusadikika alimpa mshitakiwa jina la Karama na mshitaki wake jina la Majivuno, na yanafaa, kwa sababu nchi nzima ya kitabu kile imejengwa kwa fumbo. Kila kitu humo kinasimama mahali pa kitu kingine. Riwaya yako ina karai, mafuta yanayoruka na deni la mkaa. Humo jina la tabia ni hukumu iliyosomwa kabla ya kesi. Waandishi wengi wametoka shule wakiwa wamefundishwa kuyatafuta majina haya kwa ajili ya mtihani, ndiyo maana huyapanda wenyewe bila kujua. Jaribu hivi: katika nakala ya pembeni badilisha "Subira" iwe "Mwanaidi" kwa sura ya 10 na ya 11 tu, kisha usome kwa sauti. Sehemu zitakazokushangaza, ukajiuliza "mbona huyu mama ananyamaza?", hizo ndizo zilizobebwa na jina badala ya mtu. Zikiwa nyingi, badilisha jina moja kwa moja. Zikiwa chache, liache, lakini mpe mtu mmoja kitabuni alichezee kwa kejeli. Wateja wa samaki hawawezi kuishi miaka na mwanamke aitwaye Subira bila kumtania anapochelewesha chenji.

Kuhusu kumpenda. Mwandishi kumpenda mhusika hakudhuru. Kumpendelea ndiko kunakodhuru, na kunahesabika. Pitia muhtasari wako uhesabu mara ambazo Subira amekosea mtu asiye na hatia. Nimehesabu mimi: sifuri. Amedhulumiwa mara tisa, amesamehe mara saba, na kila anayempinga umempa sura mbaya, jasho, au meno ya tumbaku. Msomaji huliona hilo mapema, akaanza kumhurumia Hamisi kwa ubishi tu.

Usimpe ajali wala ugonjwa kusawazisha. Mabaya ya kutumbukiziwa humfanya apendwe zaidi. Mpe kosa lenye sababu nzuri. Kwa mfano, samaki wa jana, friza imeshakwenda, hana pa kuwalaza, anawakaanga upya kwa ndimu na pilipili nyingi anawauza asubuhi kwa mtoto aliyetumwa na mama yake. Anajua. Anamchagulia mkubwa. Hapo hutaumia kwa kumwonea huruma, utaumia kwa kumjua, na mkono hautasita tena kwa sababu ile ya zamani. Kosa hilo likae bila kuadhibiwa kwa angalau sura mbili. Ukimwadhibu ukurasa unaofuata umerudi kuwa mlezi wake.

Dalili nyingine ya upendeleo ni lugha. Katika muhtasari umenukuu: "Subira alitafakari mustakabali wake." Hilo ni neno lako, umemwazima kanzu yako. Simulizi yako iko katika nafsi ya tatu lakini imekaa karibu naye sana, kwa hiyo maneno ya msimulizi yanapaswa kuweza kupita mdomoni mwake. Yeye angewaza: "Mwezi ukiisha atakula nini?" Sentensi ya namna hiyo inaweza kusimama bila alama za kunukuu, bila "aliwaza", na msomaji akajua ni ya nani. Lakini usizidishe lahaja. Maneno mawili matatu ya mtaani kwake kwa ukurasa yanatosha. Zaidi ya hapo anakuwa kichekesho.

Dada yako. Mpe jibu la kweli: umemchukua kidogo. Watu hawajitambui kwa mambo makubwa kama ndoa kuvunjika, maana hayo ni ya wengi. Hujitambua kwa kitu kidogo ambacho wanadhani hakuna aliyekiona: namna ya kufunga kanga ya pili kiunoni kabla ya kugombana, msemo wa kumalizia maneno, kovu na jinsi lilivyopatikana. Muulize ni mistari ipi iliyomchoma, na usijitetee akijibu. Utashangaa kuona ni mistari mitatu au minne. Mingi kati ya hiyo unaweza kuibadili bila hasara. Halafu mchanganye Subira na watu wengine wawili angalau: kazi kutoka kwa mmoja, mwendo kutoka kwa mwingine, na hofu kuu, ambayo ndiyo injini, iwe yako mwenyewe. Ukibadilisha rangi ya nywele na mtaa tu ukaacha hofu ile ile, umemvalisha dada yako baibui, kila mtu bado anamjua. Na usitegemee lile tangazo la ukurasa wa mbele kwamba wahusika ni wa kubuni. Mtu akitambulika na akawa amechafuliwa, anaweza kudai kashfa hata kama jaladani umeandika "riwaya".

Huna haja ya kujaza zile fomu za rangi anayoipenda na siku aliyozaliwa. Daftari la mhusika lenye manufaa lina ukurasa mmoja: anadaiwa na nani, anamdai nani, anamsalimia nani kwanza asubuhi, kiungo gani kinamuuma jioni (kwa mkaanga samaki, ni mgongo na macho), jambo gani anadanganya hata pasipo na haja, na ile orodha ya majina ya kuitana. Liandike kwa penseli.

Mwanza iache kwa sasa. Huenda akaenda sura ya 16, huenda asiende kabisa ila akamtanguliza Salma. Andika sura ya 12 upya kuanzia ule mraba wa sakafu, usizidishe kurasa tisa, na mwache Hamisi alale ndani. Sura ya 1 hadi ya 11 usiziguse hadi rasimu iishe. Weka alama tu pembeni, kwa sababu ukianza kurekebisha nyuma kila mbele inapokwama, hutatoka ukurasa wa 140. Ila andika mahali kwa herufi kubwa kwamba friza inatakiwa kuingia kitabuni siku ya harusi, imefungwa utepe, na mama mkwe akilalamika kwamba itakula umeme.